Maswali ya wasomaji: Albert Lortzing, mtunzi wa opera aliyewachekesha Wajerumani akafa na madeni

Toleo lililopita msomaji mmoja wa Njombe aliuliza opera ni kitu gani hasa, nikamjibu kwa ufupi kwamba ni igizo ambalo watu wanaimba na orkestra inapiga chini yao, nikatoa mfano wa Mjerumani mmoja anaitwa Albert Lortzing. Basi meseji zilivyokuja sikutegemea, kutoka Iringa, Tukuyu, Mufindi, Mbeya mjini, kila mtu anataka kumjua huyo Lortzing. Kwa hiyo safari hii safu nzima ni yake. Nafurahi kweli, huyu mtunzi nampenda na naona dunia imemsahau bila sababu ya maana.

SWALI (Kihesa, Iringa): Shikamoo dada. Mimi naimba alto kwenye kwaya ya usharika. Ulimtaja Lortzing kama mtu anayejulikana lakini nimeuliza kwaya nzima hamna hata mmoja anayemjua. Handel tunamjua, Haleluya yake tunaimba, Mozart na Bach majina tunayasikia. Huyu ni nani na imekuwaje hatumjui?

Marahaba mdogo wangu. Jina kamili ni Gustav Albert Lortzing, kazaliwa Berlin tarehe 23 Oktoba 1801. Wazazi wake walikuwa na biashara ya ngozi lakini mioyo yao ilikuwa kwenye maigizo, mchana dukani jioni jukwaani, na biashara ilipoyumba mtoto akiwa na miaka kama kumi hivi wakafunga duka wakaamua kuishi kwa kuigiza, ya'ni familia nzima barabarani, mji huu leo, mji ule mwezi ujao. Akiwa na miaka 12 alishapanda jukwaani kule Freiburg, kusini ya Ujerumani, kazi yake kuwasomea watu mashairi ya kuchekesha wakati wa mapumziko. Shule ya kueleweka hakupata. Muziki alifundishwa kidogo Berlin na mwalimu anaitwa Rungenhagen, kingine chote kajifunza mwenyewe, kwa kusoma na kunakili noti na kuishi karibu na orkestra usiku baada ya usiku.

Hilo la kuigiza naomba ulishike maana ndo ufunguo wa kazi zake zote. Lortzing hakuwa mtunzi wa kukaa chumbani na piano halafu anatuma noti kwa posta, alikuwa muigizaji wa kulipwa mshahara, anacheza vijana watanashati, vijana wa shamba, watu wa vituko, na sauti yake ilikuwa inatosha kuimba teno na hata baritoni, ya'ni sauti ya kiume kati ya teno na besi, ikibidi. Mwaka 1824 akamuoa muigizaji mwenzake, Rosina Regine Ahles, wakajaliwa watoto 11, ingawa sio wote waliokua. Toka 1826 wakawa kwenye kundi la jumba la maigizo la Detmold, ambalo lilikuwa linazunguka pia Münster na Osnabrück. Mwaka 1829 kwenye tamthilia ya mwandishi Grabbe ya Don Juan na Faust yeye alitunga muziki na yeye huyohuyo akamcheza Don Juan, mke wake akacheza Donna Anna. Fikiria mtu anatunga, anaigiza, anaimba, na nyumbani watoto wanamsubiri.

Mwaka 1833 akahamia Leipzig, wazazi wake walikuwa wameshatangulia kwenye kundi la hukohuko, na hapo ndo miaka yake mizuri ilianza. Opera zake zinazopendwa zaidi karibu zote zimetoka kwenye miaka hiyo ya Leipzig.

Sasa kwa nini hatumjui. Mimi naona sababu ni mbili. Ya kwanza, kwenye opera zake watu wanaimba halafu wanaongea kawaida, halafu wanaimba tena, na maongezi yenyewe ni utani wa Kijerumani mtupu, kwa hiyo nje ya nchi zinazoongea Kijerumani zikawa hazisafiri vizuri maana ukikosa utani umekosa nusu ya opera. Ya pili inaniuma zaidi. Watu wengi wanamuona mtunzi wa vichekesho ni mtunzi mdogo. Richard Wagner, ambaye kazaliwa Leipzig hiyohiyo mwaka 1813, kaandika mambo mazito ya miungu na mapanga na dunia nzima inamjua, lakini opera ya fundi viatu na mshairi Hans Sachs Lortzing aliitoa kabla yake, mwaka 1840, Wagner kaja na ya kwake inayomhusu huyohuyo Sachs mwaka 1868. Kuchekesha watu kwa muziki ulio sahihi, kila sauti mahali pake, ni kazi ngumu mno, muulize mwalimu wa kwaya yeyote aliyewahi kujaribu.

SWALI (Tukuyu): Ndugu mwandishi, mimi ni mwalimu wa kwaya. Opera ya huyo bwana inayojulikana kuliko zote ni ipi na inahusu nini? Na je, kuna kitu kwaya ya kawaida kama yetu, sauti nne, inaweza kuimba?

Mwalimu, swali lako ndo nililokuwa nalisubiri. Inaitwa Zar und Zimmermann, ya'ni Mfalme wa Urusi na Seremala, ilichezwa mara ya kwanza Leipzig tarehe 22 Desemba 1837 na Lortzing mwenyewe alikuwa jukwaani anaimba. Leipzig waliipokea vizuri tu, lakini ilipofika Berlin mwaka 1839 ndo ikalipuka, na toka hapo majumba ya maigizo ya Ujerumani yakawa yanaigombania.

Kisa chenyewe kina mzizi wa kweli. Mfalme Peter Mkuu wa Urusi alienda Uholanzi mwaka 1697 kujifunza kutengeneza meli, akajificha kama fundi wa kawaida. Lortzing kalichukua hilo akaongeza chumvi: kwenye karakana ya meli ya mji wa Saardam kuna Warusi wawili, wote wanaitwa Peter, wote maseremala. Mmoja ndo mfalme, mwingine ni askari aliyetoroka jeshi, anaitwa Peter Iwanow, na kampenda binti wa ndugu yake meya. Mabalozi wa Urusi, Uingereza na Ufaransa wote wako mjini wanamnyatia mfalme kwa mambo ya siasa, na meya kaambiwa atafute mgeni anayeitwa Peter. Sasa huyu meya, anaitwa van Bett, ni besi mnene anayejiona ana akili kuliko watu wote duniani, ana wimbo mzima wa kujisifu kwamba yeye ni mwerevu na mwenye hekima na hadanganyiki, na ndani ya huo wimbo orkestra, hasa basuni, ile filimbi ndefu ya sauti nzito, inamjibu kama vile inamcheka. Yeye anamkamata Peter asiye mwenyewe na kumpa heshima zote za kifalme, kijana wa watu anatetemeka, anadhani amegundulika kwamba katoroka jeshi.

Lortzing kwenye ile onyesho la kwanza aliimba huyohuyo Iwanow, mtoro muoga, sio mfalme. Mi naona hilo linamwelezea mtu alivyokuwa.

Lakini mwalimu, sehemu yako wewe ni mwanzo wa tendo la tatu. Meya katunga mwenyewe wimbo wa kumkaribisha mfalme na anaufanyisha mazoezi, kwaya ni wananchi wa mji. Anaimba solo kwa mbwembwe, kwaya inaingia mahali sio, anawasimamisha, anawakemea, wanaanza upya, wengine wanachelewa, yeye mwenyewe anakosea na kuwalaumu wao, na maneno ya wimbo wenyewe ni hovyo kabisa lakini yeye anaona katunga kitu kikubwa. Mtu yeyote wa mikoa yetu hii aliyewahi kukusanywa kwenye kwaya ya kumpokea mgeni rasmi, jua linawaka na mgeni kachelewa masaa manne, ataielewa hiyo sehemu bila kujua neno hata moja la Kijerumani. Na kimuziki ni safi, ya'ni yale makosa yote yameandikwa kwa hesabu, soprano na alto na teno na besi kila mmoja anakosea kwa mpangilio. Kwaya ya sauti nne inaiweza. Unahitaji besi mmoja mwenye kifua na asiyeona haya, piano au kinanda, na mtu wa kuwatungia maneno ya Kiswahili. Mi ningeyatunga upya kabisa, nisingejaribu kuyafuata ya Kijerumani neno kwa neno, maana utani wa mtu ni wa nyumbani kwake.

Halafu palepale kwenye hiyo opera, katikati ya vurugu zote, mfalme anabaki peke yake na anaimba wimbo wa taratibu wa baritoni kukumbuka utoto wake, alivyokuwa anachezea fimbo na taji la kifalme, na kwamba heri angebaki mtoto. Watu wanacheka saa nzima halafu ghafla wanakaa kimya. Huwa nasikia watu wanasema vichekesho havina uzito, wasikilize huo wimbo kwanza.

SWALI (Mafinga): Mimi ni mwalimu wa sekondari, nasimamia klabu ya sanaa. Kuna yoyote inayohusu shule?

Ipo tena nzuri mno mwalimu, Der Wildschütz, ya'ni Mwindaji wa Wizi, imeonyeshwa mara ya kwanza Leipzig tarehe 31 Desemba 1842, mkesha wa mwaka mpya. Wataalamu wengi wanaiona ndo bora kuliko zote kimuziki na mimi nakubaliana nao. Shujaa, kama tutamwita shujaa, ni mwalimu mzee wa kijijini anaitwa Baculus. Anataka kufanya sherehe ya uchumba na binti mdogo, hana kitoweo, anaingia usiku kwenye msitu wa bwana mkubwa na kupiga risasi paa. Anafukuzwa kazi. Sasa watu wa tabaka la juu wanaingia wamejibadilisha, mwanamke kavaa kama mwanafunzi wa kiume halafu huyo mwanafunzi anajifanya msichana wa kijijini, bwana mkubwa mwingine kajifanya mtunza farasi, na huyo mtunza farasi anamtolea mwalimu ofa: nikupe taleri 5,000, pesa ya Kijerumani ya zamani, uniachie mchumba wako. Mwalimu anabaki peke yake anaimba kuhusu hizo elfu tano, anazihesabu, anazipangia, anajiona tajiri, na ukisikiliza vizuri unaona mtu maskini anavyoweza kuyumbishwa na pesa ambayo hajawahi kuiota. Mwishoni inagundulika kwamba kile alichokipiga gizani hakikuwa paa, kilikuwa punda wake mwenyewe.

Wanafunzi wana sehemu yao pia, kwaya ya watoto wa shule wanakuja kumwombea mwalimu wao msamaha. Na kuna kipande cha watu watano wanacheza mchezo wa mezani wa mipira na fimbo, wanatongozana na kusukumana gizani, na katikati ya hayo yote mwalimu anaimba wimbo wa kanisani kwa utulivu wake. Kwa klabu ya shule chukueni kisa tu mkiigize kwa Kiswahili na nyimbo mbili tatu, sio lazima opera nzima, nzima ni kama masaa mawili na nusu na inataka orkestra.

SWALI (Mwanjelwa, Mbeya): Dada mambo. Mi ni msanii, natoa nyimbo zangu, zinapigwa kwenye mabasi, baa, harusini, mpaka wahuni wa flashi wanaziuza lakini mfukoni hamna kitu. Umeandika huyo jamaa alikufa maskini wakati opera zake zilikuwa zinajaza watu. Hiyo inawezekanaje?

Poa kaka. Hapa naomba nichukue nafasi kubwa, maana hili ndo jambo lililonifanya nimpende Lortzing na pia ndo linalonikasirisha.

Wakati wake, kwenye nchi za Kijerumani, utaratibu ulikuwa hivi: jumba la maigizo likitaka opera yako linanunua nakala ya noti kwa mtunzi mara moja, linalipa kiasi mlichokubaliana, basi. Baada ya hapo linaweza kuicheza usiku kumi, usiku mia, miaka ishirini, wewe mtunzi huna chako. Watu wananunua tiketi, mwenye jumba anapata, waimbaji wanapata mishahara, anayeuza bia mapumzikoni anapata, aliyeiumba hapati. Na hapo bado nakala za wizi, maana mtu akishika noti anaweza kumkodi mnakili akae usiku anakili, akauzia jumba lingine. Kwa hiyo Zar und Zimmermann ilivyokuwa inachezwa kila kona ya Ujerumani, Lortzing alikuwa anaishi kwa mshahara wake wa kuigiza na familia kubwa nyuma yake.

Mwaka 1844 wakampa cheo cha kuongoza orkestra ya jumba la Leipzig. Mwaka uliofuata uongozi mpya ukamwachisha, sababu iliyotolewa ni ugonjwa wake wa baridi yabisi. Watazamaji wakapinga mpaka akarudishwa, miezi michache baadaye akaachishwa tena. Akahamia Vienna mwaka 1846, kwenye jumba linaitwa Theater an der Wien, na hapohapo akatoa Der Waffenschmied, opera ya fundi wa silaha na binti yake, ikapendwa sana. Mwaka 1848 mapinduzi yakatikisa jiji, majumba ya maigizo yakayumba, kazi ikapotea tena. Basi huyu mtu ambaye nchi nzima inaimba nyimbo zake, akiwa anakaribia miaka 50, akarudi kwenye kazi ya ujana, kuigiza kwenye miji midogo kama Gera na Lüneburg ili watoto wale. Mwaka 1850 akapata kazi Berlin ya kuongoza orkestra kwenye jumba la maigizo mepesi, mshahara mdogo, madeni makubwa.

Akafa hapo Berlin tarehe 21 Januari 1851 kwa kiharusi, ana miaka 49. Jioni ya tarehe 20, ya'ni usiku uliotangulia kifo chake, opera yake ya mwisho, Die Opernprobe, ilikuwa inaonyeshwa kwa mara ya kwanza kule Frankfurt. Yeye hakuwepo.

Mazishini wakaja wakubwa wa muziki wa Berlin, Meyerbeer alikuwepo, na mzee Rungenhagen aliyemfundisha utotoni alikuwepo pia. Halafu yakafanyika maonyesho ya kumchangia mjane na watoto. Mi nikisoma hapo huwa najiuliza kwa nini ule mchango haukuja kama malipo wakati mtu yuko hai, na kaka nadhani na wewe umeshaona rambirambi za aina hiyo kwa wasanii wetu.

Sasa cha kukushika moyo: mwaka huohuo wa 1851 Ufaransa watunzi wa muziki wakaanzisha chama chao, SACEM, cha kukusanya pesa kila wimbo unapopigwa hadharani, na kipo mpaka leo. Ujerumani sheria ya kumlinda mtunzi wa kazi za jukwaani kila inapochezwa ilikuja mwaka 1870, miaka 19 baada ya Lortzing kuzikwa. Kwa hiyo mirabaha haikushuka toka mbinguni, ilipiganiwa na watu waliochoka.

Hapa kwetu tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na COSOTA ndo ofisi yake. Haki ya wimbo ni yako toka unapoutunga na kuurekodi au kuuandika, kusajili ni kwa ajili ya ushahidi siku ya ugomvi, na siku hiyo utauhitaji kweli. Haki hiyo inaendelea maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa, ya'ni ni urithi wa watoto. Kwa hiyo nakuomba sana kaka yangu: mkisharekodi andikeni pale studio nani katunga maneno, nani katunga sauti, nani katengeneza mdundo, kila mtu asaini, usiseme huyu ni mshkaji tutaelewana. Na mtu akitaka kukununulia wimbo moja kwa moja kwa pesa ya haraka kwa sababu una shida ya kodi, soma mkataba mpaka mwisho, uliza kama unauza nakala au unauza wimbo wenyewe. Lortzing hakuwa na nafasi ya kuuliza hilo swali. Wewe unayo.

SWALI (Mufindi): Nafanya kazi kwenye chai. Nimesikia kuna opera yake inahusu mgomo wa wafanyakazi, ni kweli? Miaka hiyo?

Ni kweli kabisa, inaitwa Regina, kaiandika Vienna mwaka 1848, mwaka wa mapinduzi, maneno na muziki vyote vyake. Inafunguka kiwandani, wafanyakazi wamekusanyika, wamechoka, wanataka haki yao na wako tayari kugoma. Opera ya wakati ule ikiwa na wafanyakazi wa kiwanda jukwaani wakidai malipo, sio wafalme wala miungu, hilo lilikuwa jambo jipya mno. Regina ni binti wa mwenye kiwanda, kampenda kijana anayesimamia kazi, na msimamizi mwingine mwenye hasira anamteka nyara, mwishoni anatishia kulipua ghala na Regina mwenyewe ndo anampiga risasi. Ya'ni mwanamke anajiokoa, hasubiri mwanaume aje na farasi.

Haikuchezwa. Mapinduzi yalizimwa, hakuna jumba lililothubutu. Na Lortzing lilimgusa kwa karibu kwa sababu rafiki yake wa Leipzig, Robert Blum, aliyekuwa karani na mtunza fedha wa jumba la maigizo kabla ya kuwa mwanasiasa na mbunge, alienda Vienna kuwaunga mkono wanamapinduzi, akakamatwa na kupigwa risasi tarehe 9 Novemba 1848. Regina ilikuja kuonekana jukwaani Berlin mwaka 1899, zaidi ya miaka 50 baadaye, tena ikiwa imekarabatiwa sana ili isimuudhi mtu. Mi naamini huyo aliyeandika Regina na huyo aliyeandika meya mnene ni mtu mmoja na wazo moja, alikuwa anawatazama watu wenye vyeo kutoka chini, akiwa amesimama na seremala na mwalimu na mfanyakazi.

SWALI (Uyole): Ana yoyote ya kutisha au ya mapenzi? Vichekesho sio sana kwangu.

Sikiliza Undine, ya mwaka 1845, ilianzia Magdeburg, kisa kakitoa kwa mwandishi Fouqué. Undine ni msichana wa majini aliyelelewa na mvuvi na mkewe, hana roho, na roho ataipata akipendwa kweli na binadamu. Knight mmoja, ya'ni askari mtukufu wa zamani, anaitwa Hugo anamuoa, halafu anamsaliti kwa mwanamke mwingine, na usiku wa manane kwenye harusi ya pili Undine anatoka kisimani. Kwenye kitabu mwanaume anakufa. Lortzing kwenye opera kamuonea huruma, wanaishia wote kwenye ikulu ya majini. Nyie mliokulia jirani na Ziwa Ngosi na simulizi zake hamtahitaji maelezo zaidi, zimeni taa msikilize.

SWALI (Rungwe): Bwana Yesu asifiwe. Tuna kikundi cha tarumbeta kanisani. Wamisionari wa Kijerumani walituletea tarumbeta na nyimbo, mbona hawakuleta opera? Na je, sisi tunaweza kupiga kitu cha Lortzing, tutalipa kwa nani?

Amina. Wamoraviani waliofika Rungwe mwaka 1891 walitoka kwenye kanisa lenye mizizi Herrnhut, na Herrnhut iko Saxony, mkoa uleule wenye Leipzig aliyoishi Lortzing, kwa hiyo swali lako lina mantiki. Ila opera inataka jengo, mapazia, orkestra kubwa na waimbaji wa mshahara, wakati wimbo wa kanisani unataka kitabu na kifua, na tarumbeta unaweza kubeba begani ukapanda nalo mlima. Pia hawa walikuja kuhubiri, opera za mwalimu anayemuuza mchumba wake zisingekuwa kwenye mizigo yao.

Kuhusu malipo, kazi za Lortzing mwenyewe hazina tena mwenye haki, amekufa mwaka 1851, muda umepita zamani. Mnapiga mnavyotaka, mnabadilisha, mnaweka maneno yenu. Angalizo ni moja tu, noti mpya zilizopangwa na mtu wa leo kwa ajili ya tarumbeta zina haki ya huyo mpangaji, na rekodi ya orkestra fulani ina haki ya hiyo orkestra, kwa hiyo chukueni noti za zamani mpange wenyewe.

Anzeni na ile ngoma ya viatu vya mbao kutoka Zar und Zimmermann, inaitwa Holzschuhtanz. Ni fupi, haina maneno, inachezwa na Waholanzi kwenye sherehe ya mwisho, na vikundi vya tarumbeta huko Ujerumani vimeipiga miaka mingi kwa hiyo inakubali vyombo vyenu. Sauti kuu wapeni tarumbeta ndogo mbili zipokezane, besi ikanyage taratibu isikimbie, maana wachezaji wana mbao miguuni na lazima wasikike wanapokanyaga. Mkiwa na mtu wa kuandika sol-fa aiandike hivyo, itawafikia vijana wengi zaidi kuliko noti za mistari. Na kwenye karatasi juu kabisa andikeni jina la mtunzi, na chini yake jina la aliyepanga.